Lala Bologna, zungukia majirani: namna ya kupanga safari za kwenda na kurudi siku hiyohiyo

Wageni wengi wa Italia huweka kambi Roma, Firenze au Venezia, na Bologna huiona kupitia dirisha la treni tu. Kwa mtu anayetaka kuona miji kadhaa bila kuburuta sanduku kila asubuhi, huko ni kujinyima. Njia za reli za kutoka Milano, Venezia, Firenze na pwani ya Adriatiki zinakutana Bologna. Modena iko kilomita kama 40, Ferrara hazifiki 50, Ravenna ni mwendo wa saa moja na robo hivi. Na jioni unarudi kwenye mji wa wanafunzi, wenye chuo kikuu ambacho kwa desturi huhesabiwa kuanzia 1088, kwa hiyo ukichelewa bado utapata pa kula.

Mwongozo huu ni wa mwenye siku nne au tano na asiyekodi gari. Gari huku ni mzigo. Katikati ya miji hii ya kale kumewekwa maeneo ya ZTL, yasiyoruhusu magari ya wageni. Kamera inasoma namba ya gari, na faini inakufuata kupitia kampuni iliyokukodisha, pengine miezi baada ya wewe kurudi nyumbani.

Hatua ya kwanza: mji mmoja kwa siku

Ukitazama ramani utashawishika. Modena na Parma ziko kwenye reli moja, Ferrara na Ravenna nazo zina treni kati yao, basi mtu anasema atafanya miwili miwili. Shida haiko njiani. Shida ni mchana: makanisa mengi hufungwa kuanzia kama saa 6 hadi saa 9 alasiri, majiko ya mikahawa huzima moto mnamo saa 8 na nusu, na wewe unajikuta umefika mji wa pili kila kitu kikiwa kimefungwa. Mji mmoja uliouona vizuri, ukakaa ukanywa kahawa barazani, unatosha.

Hatua ya pili: tafuta mlango kabla ya kutafuta treni

Hapa ndipo watu hukosea mpangilio. Hufungua programu ya treni kwanza, wakachagua saa inayowapendeza, halafu ndipo waulize mnara au kanisa linafunguliwa lini. Anzia upande wa pili. Jiulize: katika mji huu, ni mlango gani mmoja ambao nikiukuta umefungwa siku yangu imeharibika? Tafuta saa zake kwenye tovuti ya wenyewe, kwa sababu tovuti za watalii hubaki na ratiba za zamani. Angalia mambo matatu: siku ya kufungwa (makumbusho mengi ya serikali ni Jumatatu), mapumziko ya mchana, na maneno *ultimo ingresso*, yaani saa ya mwisho ya kuingia, ambayo huwa nusu saa au hata saa nzima kabla ya kufunga. Jumapili asubuhi makanisa yana ibada, na watalii huzuiwa au huwekewa mipaka.

Ukishapata saa hizo, wiki inajipanga yenyewe. Mimi ningefanya hivi: Jumatatu Ravenna, kwa kuwa majengo yake makuu yako chini ya dayosisi na kwa kawaida hufunguliwa kila siku bila kufunga mchana. Jumapili Ferrara, maana ukuta wa mji na barabara za baiskeli hazina mlango wa kufunga. Modena iwe siku ya kazi au Jumamosi asubuhi, soko likiwa wazi. Parma popote patakapobaki.

Halafu, kabla ya kuchagua treni ya kwenda, tazama ya kurudi. Andika treni mbili za mwisho za jioni, kisha panga kurudi na ile inayotangulia ya mwisho. Ikifutwa, bado unayo moja. Ratiba ya Jumapili na sikukuu (*festivo*) ina treni chache kuliko ya siku za kazi (*feriale*), na Jumamosi inahesabiwa siku ya kazi.

Hatua ya tatu: tiketi

Kwa miji hii ya jirani panda treni za mkoa, zinazoandikwa *Regionale* au *Regionale Veloce*. Nauli yake haipandi: ukinunua leo au mwezi mmoja kabla ni ileile, na kwa Modena, Ferrara au Ravenna kwa kawaida haifiki yuro 10 kwa kwenda. Kwa hiyo hakuna haja ya kununua mapema. Ngoja uone hali ya hewa usiku wa kuamkia safari, ndipo uamue.

Aliyezoea SGR ya Dar es Salaam au Madaraka Express ya Nairobi na Mombasa atashangaa kidogo. Huku tiketi ya mkoa haina namba ya kiti, hakuna mizigo kupitishwa kwenye mashine ya ukaguzi, na kufika kituoni dakika 15 kabla kunatosha. Lakini lipo jambo moja lisilosameheka: tiketi ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine ndogo iliyoko kituoni kabla ya kupanda. Ile ya kwenye simu nayo unaithibitisha kwa kubonyeza *check-in* kabla ya kupanda. Tiketi uliyoilipia lakini hukuigonga inahesabika si halali, na mkaguzi hatazamii kusikiliza kwamba wewe ni mgeni, ameshawasikia wengi. Ukiona mashine imeharibika, mtafute yeye kabla hajakutafuta.

Treni za mwendokasi (Frecciarossa na Italo) ni habari nyingine: zina kiti, nauli hupanda kadiri siku inavyokaribia, na tiketi ya bei ya chini mara nyingi haibadilishwi. Kwenda Modena kwa mwendokasi ni kuchoma pesa kwa kuokoa dakika chache.

Hatua ya nne: usipotee Bologna Centrale

Kituo hiki ni kikubwa na kinachanganya kwa namna yake. Ubaoni, chini ya *Binario*, utaona namba ya jukwaa, na mara nyingine neno *Est* au *Ovest* limefuatia. Jukwaa la 3 na jukwaa la 3 Ovest ni sehemu mbili tofauti, zimeachana mwendo wa dakika kadhaa. Soma mstari wote. Majukwaa ya 16 hadi 19 ni ya mwendokasi na yako chini ya ardhi, ghorofa kadhaa kwenda chini. Ukiwa na treni ya huko ongeza dakika 10.

Saa zote za ubaoni ni za mtindo wa 24. Ukiona 18:40, ni saa 12 na dakika 40 jioni kwa hesabu yetu. Ukiwa umechoka, ukiwa na njaa, ndipo hesabu hii humponza mtu, kwa hiyo iandike kwenye simu mapema.

Na ile saa kubwa ukutani nje ya kituo inayoonyesha 10:25 usiifuate. Haijaharibika. Tarehe 2 Agosti 1980, saa 4 na dakika 25 asubuhi, bomu lililotegwa katika ukumbi wa abiria liliua watu 85, na mishale imeachwa palepale kwa kuwakumbuka. Ndani ya ukumbi kuna bamba lenye majina yao. Ukipata dakika mbili, simama uyasome.

Hatua ya tano: Ravenna, na hapa usiwe na haraka

Kama una siku moja tu ya kutoka nje ya Bologna, iwe hii. Ravenna ilikuwa makao ya wafalme wa mwisho wa Roma ya magharibi, kisha ya Theodoric mfalme wa Waostrogothi, kisha ya watawala wa Bizanti, yaani Roma ya mashariki, baada ya kuitwaa mwaka 540. Kila mmoja aliacha picha za vigae vidogo vya kioo na dhahabu kwenye kuta na dari. Majengo manane ya zama hizo yako kwenye orodha ya UNESCO tangu 1996.

Tiketi: matano kati ya maeneo hayo huingiwa kwa tiketi ya pamoja ya dayosisi, nayo ni San Vitale, kaburi la Galla Placidia, Sant'Apollinare Nuovo, ubatizio (jengo la kubatizia) wa Neone, na jumba la makumbusho la askofu mkuu lenye kanisa dogo ndani. Kaburi la Galla Placidia na ubatizio wa Neone ni vidogo, kwa hiyo unachagua saa ya kuingia. Nunua mtandaoni siku moja au mbili kabla na uipe nafasi ya Galla Placidia kipaumbele. Kaburi la Theodoric, ubatizio wa Waario (madhehebu ya Kikristo ya Theodoric) na Sant'Apollinare in Classe hazimo kwenye tiketi hiyo.

Ondoka Bologna asubuhi ili uwe Ravenna kabla ya saa 4. Ukitoka kituoni, Sant'Apollinare Nuovo iko karibu kabisa, nayo ndiyo sababu watu huanzia hapo. Ipite. Utaimalizia jioni ukirudi kituoni. Nenda moja kwa moja San Vitale na Galla Placidia, upande wa pili wa mji, kabla makundi ya mabasi hayajajaa.

Ndani ya Galla Placidia utapewa dakika chache. Dakika ya kwanza usitoe simu. Madirisha yake ni ya alabasta, jiwe linalopenyeza mwanga; mwanga unaoingia ni wa rangi ya asali, na macho yanahitaji muda kuzoea giza; kisha dari ya buluu yenye nyota za dhahabu inajitokeza taratibu. Anayeingia na simu mkononi hutoka na picha yenye ukungu na hajaona kitu.

San Vitale, iliyowekwa wakfu 547, ni kinyume chake: kubwa, yenye mwanga na kijani kibichi. Simama mbele ya madhabahu. Upande mmoja yuko mfalme Justinian na watu wake, upande wa pili mkewe Theodora, watawala wawili wanaoaminika hawakuwahi kukanyaga mji huu. Tazama pindo la joho la Theodora: wametariziwa mamajusi watatu wakipeleka zawadi. Darubini ndogo ya mfukoni hapa ina thamani kuliko kamera.

Mchana pitia ubatizio wa Neone, kisha kaburi la mshairi Dante, ambaye alifukuzwa Firenze na kufia hapa mwaka 1321. Firenze walimtaka tena, wakamjengea hata kaburi katika kanisa la Santa Croce. Liko tupu hadi leo. Ravenna hawakumtoa. Kila Septemba Firenze huleta mafuta ya kuwashia taa iliyo juu ya kaburi lake, na mimi naona hilo ni faini ya haki kabisa.

Alasiri una chaguo. Mwenye nguvu aende Classe, kilomita 5 kusini, kwa basi au kwa treni ya kituo kimoja, akaone mchungaji na kondoo kwenye uwanda wa kijani juu ya madhabahu ya Sant'Apollinare in Classe. Aliyechoka amalizie Sant'Apollinare Nuovo. Kanisa hilo alilijenga Theodoric, na ukutani kulikuwa na picha za watu wa jumba lake. Wabizanti walipoushika mji waliwafuta, wakaweka mapazia mahali pao. Lakini tazama nguzo za lile jumba kwa makini: mikono ya waliofutwa bado imebaki, inaning'inia juu ya nguzo bila wenyewe.

Hatua ya sita: Ferrara kwa baiskeli

Treni ni kama nusu saa hadi dakika 50. Kutoka kituoni hadi kasri la ukoo wa Este ni dakika 20 kwa miguu kupitia barabara isiyo na mvuto wowote, kwa hiyo kodi baiskeli mapema. Ferrara ni mji tambarare, na wenyeji wote, wazee kwa vijana, wanaendesha. Omba kufuli mbili na uzitumie zote.

Kasri lilianza kujengwa 1385 na bado limezungukwa na maji. Kutoka hapo fuata Corso Ercole I d'Este, barabara iliyonyooka ya ule upanuzi wa mji uliosanifiwa na Biagio Rossetti kuanzia 1492, hadi Palazzo dei Diamanti, ambalo kuta zake zimevikwa mawe ya marumaru kama 8,500 yaliyochongwa kwa ncha. Kisha panda juu ya ukuta wa mji. Una urefu wa kilomita 9 hivi, una miti, na utakutana na wanaokimbia na kina bibi wakitembeza mbwa. Kwenye Via delle Volte shuka ukokote baiskeli: mawe ya mviringo yale hayana huruma na mgongo. Kuanzia Novemba hadi Januari bonde la mto Po huwa na ukungu mzito. Mji unapendeza, lakini juu ya ukuta hutaona mbali.

Hatua ya saba: Modena, na Parma kwa ufupi

Modena nenda asubuhi na mapema, uingie soko la Albinelli wachuuzi wakiwa bado wanapanga mboga, kisha Piazza Grande. Kanisa kuu lilianza kujengwa 1099, kazi ya msanifu Lanfranco, na michongo ya Wiligelmo kwenye uso wake inasimulia kitabu cha Mwanzo kuanzia Adamu na Hawa. Mnara wa Ghirlandina, mita 86, uko ubavuni. Ukitaka siki ya balsamiko ya kweli, tafuta iliyoandikwa *tradizionale*: imekaa kwenye mapipa si chini ya miaka 12, inauzwa kwenye kichupa cha mililita 100, na bei yake itakushtua. Ya dukani ya bei nafuu ni kitu kingine, kizuri kwa kachumbari tu.

Wapenzi wa magari waangalie: yapo makumbusho mawili ya Ferrari. La Enzo Ferrari liko Modena, karibu na kituo. La pili liko Maranello, nje ya mji, linahitaji basi. Watu hununua tiketi ya moja wakafika kwenye lingine.

Parma ina ubatizio wa marumaru ya waridi ulioanzishwa na Antelami mwaka 1196 na kuba lililochorwa na Correggio ndani ya kanisa kuu. Inatosha siku tulivu. Ukitaka kuona jibini ya Parmigiano Reggiano ikitengenezwa, weka nafasi mapema na uamke gizani, kwa sababu kazi hiyo hufanyika asubuhi tu.

Unayoweza kuyaacha

Firenze ni dakika 40 hivi kwa mwendokasi, karibu njia yote ukiwa ndani ya mahandaki. Inawezekana, lakini Firenze ya muda wa saa sita tu ni foleni na jasho. Ipe usiku wake. Venezia vivyo hivyo, tena tangu 2024 manispaa yake inawatoza wanaoingia na kutoka siku moja, kwa tarehe maalumu za majira ya kuchipua na kiangazi. Ukishikilia kwenda, hakiki tarehe hizo kwanza.

Chakula, hasa kwa asiyekula nguruwe

Mkoa huu unaishi kwa nguruwe, na mara nyingi yuko mahali usipomtarajia. Tortellini za Bologna, pasta ndogo za kujazwa, zina nyama yake ndani. Ragù, mchuzi wa nyama, nayo mara nyingi. Mkate wa Ferrara uliosokotwa, *coppia*, na chapati ya Romagna, *piadina*, kwa desturi hukandwa kwa mafuta yake, *strutto*. Uliza piadina ya mafuta ya zeituni: *con olio*. Ferrara agiza *cappellacci di zucca*, pasta iliyojazwa boga, na useme *burro e salvia*, yaani kwa siagi na majani ya seji, vinginevyo inaweza kuja na mchuzi wa nyama. Maneno *senza maiale*, bila nguruwe, yajifunze kabla ya kuondoka nyumbani.

Kahawa nywa ukiwa umesimama kaunta. Ukikaa mezani bei hupanda. Kaunta hiyohiyo ndiyo hukupa ruhusa ya kutumia choo.

Cha kubeba

Chupa ya maji, kwa kuwa mabomba ya hadharani yasiyoandikwa *non potabile* ni salama. Viatu vilivyozoea mguu. Na kanga. Makanisa mengine hukataa mabega na magoti wazi, na Julai mtu havai koti; kanga inafunika, inatandikwa bustanini, inazuia baridi ya kiyoyozi cha treni.

Siku ya mgomo

Itakupata tu. Neno ni *sciopero*, na hutangazwa siku kadhaa kabla. Siku za kazi kuna saa za ulinzi ambazo treni fulani za mkoa lazima zitembee: saa 12 hadi saa 3 asubuhi, na saa 12 hadi saa 3 usiku. Ukiweza kutoka na kurudi ndani ya saa hizo, nenda. La sivyo baki Bologna upande San Luca: baraza lililoezekwa lenye matao 666, kilomita karibu 4 kutoka lango la Porta Saragozza hadi kanisa lililo mlimani. Mvua haikupati, jua halikupati, na hakuna tiketi ya kugonga. Mwinuko mkali unaanza baada ya tao la Meloncello, kwa hiyo jaza chupa yako kabla ya hapo.